Mistari Iliyobaki

Wanawake wa saluni walikuwa wamekwisha kumpasua Msusi mara nane kabla daktari hajamtia hata sindano. Kila aliyekalia kiti alikuja na upasuaji wake, akautandaza mbele ya watu kama nguo za mnada, waone ulipokatwa, ulivyoshonwa na unapobana mpaka leo mvua ikikaribia. Msusi alisikiliza huku akisuka. Tumbo lilikuwa limemtangulia kiasi kwamba alilazimika kusimama upande ndipo mikono ifike kichwani kwa mteja.

"Kisu hukisikii," alisema Redio, mteja wa siku nyingi aliyepewa jina hilo kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. "Hayo ya kisu yanasemwa na ambao hawajaingia. Unachosikia ni mtu anatafuta kitu ndani yako. Ni kama mkoba wako umefunguliwa, mtu katia mkono mzima, anatafuta funguo hazioni."

"Akizipata?"

"Anakuonyesha. Zina kichwa kikubwa kama cha baba yao."

Saluni ikaangua kicheko. Redio alipasuliwa mara tatu, na watoto wote watatu wanasumbua mtaa mpaka leo, kwa hiyo neno lake lilikuwa na muhuri.

"Sasa sikiliza, shoga. Siku tatu za mwanzo usicheke. Usikohoe. Chafya ikija, kumbatia mto umwite Mungu. Na wauguzi hawatakuuliza habari ya mtoto, watakuuliza umejamba. Watu wazima, wana vyeti ukutani, wanakusimamia wewe ujambe ndipo wakuruhusu unywe chai."

"Kwani chai wanakunyima?" akauliza mteja mwingine.

"Wanakunyima tangu jana yake. Chai, mkate, hata maji."

Chanuo likamponyoka Msusi, likaanguka sakafuni. Hakuinama kuliokota. Alikuwa anakitazama kiti cha tatu, kile cha dirishani, ambacho wateja siku hizi walikikwepa bila kujua kwa nini. Aliyekikalia alinyanyuka baada ya muda mfupi akisema kina joto, kana kwamba mtu ametoka hapo sasa hivi. Ndani ya kioo cha kiti hicho alikaa dada yake. Upande wa kushoto wa kichwa alikuwa amesukwa mistari midogo, safi, imelala. Upande wa kulia nywele zilisimama ovyo, hazijaguswa.

"Unaangalia nini?" Redio alimuuliza.

"Naangalia kama mvua inakuja."

Dada alianza kuja mwezi ule daktari alipompaka Msusi mafuta ya baridi tumboni, akatazama picha kwenye mashine, akairudia upya. Kondo la nyuma lilikuwa limelala mlangoni kabisa, alisema. Mtoto hana pa kupita. Msusi akisubiri uchungu, atatoka damu ambayo hakuna atakayeweza kuirudisha. Wakapanga Alhamisi, asubuhi. Msusi akatia sahihi karatasi ya ridhaa kwa mkono uliotulia, kwa kuwa mkono wake ulizoea kutulia. Alipotoka nje alimkuta Dada amekaa kwenye benchi, amesukwa nusu kichwa, anamsubiri kama walivyokuwa wakisubiriana shuleni.

Miaka sita nyuma walikuwa wawili katika wodi ya hospitali hiyohiyo. Dada ndiye aliyekuwa apasuliwe, na Msusi ndiye aliyelala sakafuni kumhudumia. Asubuhi mama yao alileta chupa ya chai ya maziwa na mkate kwa ajili ya Msusi, akampa mlangoni, akarudi kwenye viti vya nje. Muda ulikuwepo, kwa hiyo Msusi akaanza kumsuka dada yake, ili akitoka na mtoto apigwe picha akiwa mtu. Upande wa kushoto ulipokwisha, harufu ya chai ilikuwa imejaa kitandani.

"Mdogo wangu, mimi tumbo linanguruma mpaka mtoto anashtuka," Dada alinong'ona. "Nipe kidogo."

"Wamesema usile."

"Wamesema. Wao wamekula."

Walicheka. Kwenye chuma cha kitanda kilining'inia kipande cha kadibodi kilichoandikwa ASILE, ASINYWE. Msusi akakigeuza kikatazama ukuta, akatandaza mtandio wake kama pazia, Dada akanywa kikombe, akamega mkate, akanywa kikombe kingine, mpaka chupa ikabaki tupu. Alipofuta mdomo alisema, "Sukari ndogo." Hapo mlango ukafunguliwa, machela ikaingia kabla ya saa yake. Muuguzi akauliza, "Huyu amekula chochote?" Dada akatikisa kichwa. Muuguzi akamgeukia Msusi, na Msusi, mkononi ana chanuo, akasema, "Hajala."

Wakati ule walimpa usingizi mzito. Kilichokuwa tumboni kilipanda kikaingia njia ya pumzi. Mtoto walimtoa mzima, mama hakuamka. Daktari alipotoka kuwaambia, aliuliza mara mbili kama mgonjwa alikuwa amekula, na mama yao akamrukia kwa maneno: "Ale nini, na nyinyi mmemfungia hata maji tangu jana? Mmeniulia mtoto kwa njaa." Daktari akainamisha kichwa. Msusi alikuwa nyuma ya mama yake, chupa tupu iko kwapani, ulimi umemganda. Ukabaki umeganda miaka sita. Dada alizikwa na nusu kichwa, na mama akawa kila penye watu anasimulia jinsi mwanawe alivyokwenda na njaa.

Mtoto wa Dada alikulia kwa Msusi. Sasa alikuwa ameng'oka meno ya mbele na anauliza kila kitu. Jumatano jioni, Msusi alipokuwa anapanga nguo za hospitali, alikuja akasimama mlangoni.

"Mama mdogo, na wewe unaenda kulala kama mama?"

"Naenda kukuletea mdogo wako."

"Mama naye alienda kuniletea mimi," akasema mtoto, kisha akarudi kucheza.

Alhamisi asubuhi wodi ilikuwa na wagonjwa wawili tu wa kupasuliwa. Msusi alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa binti wa kitanda cha dirishani, mdogo, uso wa mtu anayetumwa dukani, mtoto wake amekaa matako chini na amekataa kugeuka. Wote wawili walikuwa wamevaa magauni ya kijani yanayofungwa kwa nyuma, wamevuliwa hereni, wamefutwa rangi ya kucha. Dripu zilidondoka. Kadibodi zilining'inia.

Mama yake Msusi aliingia wakati wa kupigwa deki, akaijaza wodi yote peke yake. Alikuwa mtu wa watu. Kabla hajafika kwenye kitanda cha mwanawe alishajua mpiga deki ana wajukuu wangapi na yule binti ameolewa upande gani wa barabara. Alikaa, akafungua mkoba, na Msusi akasikia ule mlio kabla hajauona mfuniko: mlio mwembamba wa chupa ya chai inayofunguliwa. Ilikuwa ileile. Kwenye ubavu wake ua la rangi lilikuwa limechubuka.

"Kunywa haraka kabla hawajaja."

"Mama, wamekataza."

"Wamekataza, eti. Mwenzako walimkataza akaingia mle amelegea kama kitambaa. Mtu atatoa wapi damu na tumbo ni tupu? Safari hii sitakaa nje nikisubiri kuitwa. Kunywa."

"Nasikia kichefuchefu."

"Kichefuchefu ni njaa."

"Sinywi, mama." Angeweza kusema sababu. Neno lilikuja mpaka kwenye meno, likamwona mama yake amekaa pale na mikono yake iliyochoka, likarudi. Kukataa kungetosha, alijiambia. Atakataa, ataingia, atatoka, na hakuna atakayejua kitu.

Mama akageuka na kikombe alichokwisha kukijaza. Hakuwahi kumimina chai ikarudi ndani ya chupa.

"Na wewe mwanangu wa dirishani, umekula?"

"Tangu jana jioni sijala, mama," binti akasema.

"Hebu ona. Mtoto mdogo hivi. Mama yako yuko wapi?"

"Yuko mbali. Amesema atakuja akipata nafasi."

"Basi leo mama yako ni mimi." Akanyanyuka, akavuka njia kati ya vitanda, akamwekea kikombe mikononi, na kwa mkono wa pili, bila hata kufikiri, akaigeuza ile kadibodi ikatazama ukuta.

Msusi aliona vitu viwili kwa pamoja. Aliona binti anameza, mara ya kwanza, mara ya pili, koo linapanda na kushuka. Na aliona kwenye ncha ya kitanda hichohicho Dada amekaa, nusu kichwa, amenyoosha mkono kuomba kikombe kinachofuata. Hakuwa na hasira. Alikuwa anatabasamu, yule wa siku zote, mwenye kuiba na kugawana.

Hakukumbuka jinsi alivyoshuka kitandani. Alijikuta amesimama katikati ya vitanda, dripu imevutika, gauni liko wazi mgongoni, na kikombe amekishika yeye. Chai ilikuwa imemwagika kwenye shuka la binti.

"Una wazimu?" mama akauliza.

"Mama, Dada hakufa na njaa."

"Rudi ukalale."

"Hakufa na njaa. Chai uliyoniletea mimi, aliinywa yeye. Yote, na mkate. Nilimkinga kwa mtandio. Muuguzi akaniuliza, nikasema hajala. Wakamlaza, chai ikapanda ikamziba pumzi." Alisema haraka na kwa sauti ndogo, kama mtu anayemaliza kazi kabla umeme haujakatika. "Siyo hospitali iliyomuua, mama. Ni mimi na chupa hiyo."

Mpiga deki alikuwa amesimama na ufagio wake. Mama aliutafuta mfuniko kitandani, akaufunga, ukalia mlio wake mwembamba, akaikumbatia chupa, akatoka.

Msusi ndiye aliyemwita muuguzi. "Sista, huyu amekunywa chai. Mafunda mawili."

"Kumbe mchongezi," binti akasema, machozi yanamtoka. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mdogo wangu."

Muuguzi alitaka kujua chai ya rangi au ya maziwa, akaambiwa ya maziwa. Akatazama saa, akakata jina la binti akaliandika chini. "Masaa sita. Utaingia mchana, na ukishushia hata tone jingine, utaingia kesho." Kisha akaigeuza kadibodi, akamtazama Msusi. "Basi wewe ndiye wa kwanza. Panda."

Machela ilipita kwenye ukumbi. Mama alikuwa kwenye viti vya nje, chupa iko mapajani, shemeji wa saluni nzima, fundi friji, yaani mume wa Msusi, anamsemesha. Mume alinyanyuka akamshika mkewe vidole. Mama hakuinua uso.

Ndani kulikuwa na baridi ya bucha. Walimkalisha kwenye ukingo wa meza, wakampa mto aukumbatie, wakamwambia apinde mgongo kama paka. Daktari wa ganzi, mwanamume mwenye miwani na sauti ya kubembeleza, alimuuliza tangu jana ameingiza nini mdomoni.

"Hakuna."

"Hata maji?"

"Hata maji."

"Wengine wanatudanganya, mama. Wanaona aibu."

"Mimi sitaki kudanganya tena," alisema Msusi, na sindano ikaingia, ikawaka kidogo, ikazima. Joto likamshuka miguuni kama mtu amemvalisha soksi zilizotoka juani. Wakamlaza. Daktari wa ganzi akamgusa kwa pamba yenye spiriti: hapa unasikia baridi, na hapa? Hapa hakusikia. Miguu ilikuwa ya mtu mwingine. Wakachomeka mpira wa mkojo akaambiwa tu kwamba umeshachomekwa. Wakatundika kitambaa cha kijani mbele ya kifua chake, wakamnyooshea mikono huku na huku, na dunia yote ikabaki kitambaa, taa na dari.

Alitetemeka mpaka meno yakagongana. "Ni dawa," akaambiwa. "Siyo woga." Yeye alijua ni vyote viwili.

Redio alisema kweli. Kisu hakukisikia. Alisikia mkono mzima ukiingia kwenye mkoba, ukipekua, ukivuta huku na kule. Na alipogeuza shingo kuukimbia mvuto ule, Dada alikuwa amekaa pale pembeni, chini kidogo ya mkono wake wa kulia, amempa kisogo kama mteja, upande usiosukwa umemwelekea.

Ilikuwa imebaki mistari saba. Msusi aliihesabu kwa macho, kama anavyohesabu siku zote. Vidole vyake vikaanza. Akagawa, akakamata, akavusha cha kulia juu ya cha kati.

"Unatafuta nini, mama?" daktari wa ganzi akauliza.

"Namalizia kichwa cha mtu."

Daktari aliutazama ule mkono unaosuka hewa, akaitazama mashine yake, akaona kila kitu kiko sawa. "Malizia. Ila mkono wa pili usiukunje, una kipimo cha presha."

Mstari wa kwanza ukalala, na wa pili. Katikati ya wa tatu mtu nyuma ya kitambaa akasema, "Sasa utasikia uzito," na kweli ikawa kama mwanamke mzito amepanda juu ya mbavu zake akasukuma, na kitu kikatoka kwa mvuto mmoja mrefu, na kukawa kimya. Vidole vikasimama. Dada naye akatulia, kama anasikiliza. Kisha kilio, cha hasira, kikavu, cha mtu aliyeamshwa bila kuulizwa.

"Wa kike," wakasema, wakamwonyesha juu ya kitambaa: amekunjana, amepakaa mafuta meupe, ana kichwa kikubwa cha baba yake. Wakamgusisha shavuni, wakampeleka akafutwe.

Kushona kulichukua muda kuliko kukata. Huko chini wakashona, huku juu naye akasuka, wa nne, wa tano. Damu ilitoka nyingi kuliko walivyotaka. Alijua kwa jinsi walivyoacha kutaniana. Mfuko wa damu ukatundikwa. Taa ikawa mbali. Akasikia Dada anasema, bila kugeuka, kwa sauti ileile ya kunong'ona wodini, "Usisinzie, mdogo wangu, utanipindishia." Hakusinzia. Alikaza macho kwenye utosi ule. Walipokata uzi wa mwisho na kukishusha kitambaa, ilikuwa imebaki mistari miwili, na pembeni ya meza hapakuwa na mtu.

Wodini walimlaza na mtoto kifuani. Miguu ilirudi polepole, ikiwa imejaa sisimizi. Muuguzi alikuja kila baada ya muda kumbonyeza tumbo kwa kiganja kisicho na huruma, kuangalia damu. "Umejamba?" akamuuliza. Kicheko kilimpanda Msusi bila ruhusa, mshono ukamkata kama waya, akakumbatia mto machozi yakamtoka. Binti wa dirishani, ambaye alikuwa amemnunia asubuhi yote, akacheka kwa niaba yake. Saa nane machela ikaja kumchukua. Saa kumi ikamrudisha, amepauka, anatetemeka, mzima, na mtoto wa kiume kwapani.

Mama aliingia baada ya hapo. Hakumsalimia mtu. Mpiga deki alimpisha njia. Alivuta kiti cha chini, akakaa karibu na kitanda cha mwanawe, akamchukua mjukuu bila kuomba, akamtazama vidole, kimoja kimoja, vyote. Chupa hakuwa nayo.

"Nilipoiosha siku ile," akasema mwishowe, "nilifurahi ni tupu. Nilidhani umekunywa wewe."

Msusi alivuta shuka mpaka kidevuni.

"Aliinywa yote?"

"Yote, mama. Akasema sukari ndogo."

"Siku zote alisema hivyo. Hata ningemwaga mfuko mzima." Akambembeleza mtoto kwa mkono mmoja. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa kujibiwa, "Alishiba?"

"Alishiba. Alicheua kabisa, tukacheka."

Mama akatikisa kichwa taratibu. Miaka sita ya kusimulia njaa ikampita usoni, ikatafuta pa kukaa, isipapate.

"Mama, niambie kitu."

"Sikuambii neno leo. Una mshono." Akaweka shuka sawa juu ya miguu ya mwanawe. "Ukipona nitakuambia. Na utanisikia."

Jua lilikuwa limefika kwenye ukuta wa pili. Hapo Msusi akaona Dada ameingia, amepita katikati ya vitanda, ameketi sakafuni kati ya magoti ya mama, kama walivyoketi wote wawili utotoni kila Jumapili wakisukwa, akainamisha kichwa na kuugeuza upande ule wenye mistari miwili iliyobaki.

Mama alikuwa anamtazama mjukuu tu. Mkono wake mtupu ulining'inia mbele ya goti. Vidole vyake vikaanza kwenda, taratibu, cha kulia juu ya cha kati.